Gharama ya Kusubiri: Upepo, Maji na Shehena katika Pwani ya Afrika Mashariki

Historia ya usafirishaji wa majini katika mwambao wa Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kama historia ya safari, yaani ya vyombo vilivyong'oa nanga, vikavuka bahari na kutia bandarini, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya chombo chochote cha biashara haipiti safarini bali hupita katika kusubiri: kusubiri upepo, kusubiri maji yajae, kusubiri shehena itimie, kusubiri wapakuzi, na siku hizi kusubiri karatasi. Chombo huchuma kikiwa kinakwenda na hula kile kilichochuma kikiwa kimetulia, kwa sababu mabaharia wanakula kila siku, mbao zinaliwa na funza wa baharini kila siku, na fedha ya mwenye mali imefungwa humo bila kuzaa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa dhana za msingi za uchukuzi wa majini, kama vile nauli, kina cha chombo, tani, hati ya shehena na ada ya ucheleweshaji, atazielewa vizuri zaidi akiuliza swali moja katika kila zama: ni nani aliyekuwa akilipia muda wa kusubiri?

Katika zama za tanga jibu la swali hilo liliamuliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, wakati bara la Asia limepoa na hewa yake nzito inateremka kuelekea bahari yenye joto. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili, bara hilo linapopata joto na kuivuta hewa ya bahari irudi kwake. Kati ya misimu hiyo kuna kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo haujaamua na chombo kinaweza kupata siku ya shwari na siku ya dhoruba katika juma moja. Kusi yenyewe si ya aina moja mwaka mzima: ikianza inafaa kusafiria, Juni na Julai inakuwa kali mno na bandari za pwani ya magharibi ya India zilikuwa zikifungwa kwa vyombo vya tanga, kisha kuanzia Agosti hulegea na kuingia demani, msimu wa pili wa kurejea kwa wale waliochelewa. Kutoka Maskati hadi Unguja ni takriban maili za bahari 2,200, ambapo maili moja ya bahari ni mita 1,852, na chombo kinachokwenda noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, bila kusimama popote kingeweza kuumaliza mwendo huo katika siku kumi na nane hivi. Hakuna nahodha aliyesafiri hivyo, kwani biashara ilikuwa njiani. Lakini hesabu hiyo inaonyesha jambo lenyewe, kwamba safari ilikuwa ya wiki chache na mzunguko mzima wa biashara ulikuwa wa mwaka. Miezi iliyobaki ilikuwa ya kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikojenga miji. Mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ujulikanao kama Periplus wa Bahari ya Eritrea, unataja soko la Rhapta na mashua zake za kushonwa kwa kamba, kisha unaeleza kwamba watu wa Muza, bandari ya Yemeni, walipeleka huko vyombo vyenye manahodha na mawakala Waarabu ambao walikuwa wameoana na wenyeji, wakaijua pwani na wakaielewa lugha yake. Mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara na habari hiyo aliiweka kama habari ya biashara, na ndivyo inavyostahili kusomwa: ndoa, nyumba na lugha vilikuwa vifaa vya kupunguza gharama ya miezi ambayo chombo kilikuwa hakiwezi kuondoka. Mgeni aliyekuwa na mashemeji hakulipa kodi ya nyumba, alikuwa na mahali pa kuweka bidhaa zake, na aliweza kuziuza kidogo kidogo kadiri bei ilivyopanda badala ya kuzitupa sokoni siku aliyoshuka.

Karne kumi na tatu baadaye, Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliukuta mpango huo umekuwa desturi yenye sheria zake. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, naye humpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara hushukia nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama amezoea kuja mjini na ana jamaa zake, na mwenyeji humuuzia bidhaa na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni kwa kununua kwake kwa bei ya chini, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, mauzo hayo hayahesabiki. Sahani ile ya chakula ilikuwa ukarimu wa kweli, lakini ilikuwa pia mkataba wa uwakala uliofungwa kabla mgeni hajakanyaga nchi kavu, na mwenyeji alipata faida yake katika kila kilichopimwa na kuuzwa. Ofisi za uwakala wa meli za leo zinafanya kazi ileile bila sahani.

Msimu uliamua pia ni mji gani utastawi. Chombo kilichotoka Ghuba au India na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurejea na kusi ya mwaka uleule, lakini kikiendelea kusini hadi Sofala, ambako dhahabu ya bara ilishukia pwani, hakikuwa na hakika ya kurudi kwa wakati na kingeweza kulala mwaka mzima. Suluhisho lilikuwa kile ambacho wachukuzi huita uhaulishaji wa shehena, yaani kushusha mali kutoka chombo kimoja na kuipakia katika kingine kinachofaa kwa sehemu iliyobaki ya njia. Vyombo vya pwani vilileta dhahabu na pembe Kilwa, vikaziweka ghalani, na vyombo vikubwa vya ng'ambo vikazikuta pale. Utajiri uliomwezesha Sultani al-Hasan bin Sulaiman kujenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya kumi na nne ulitegemea kuidhibiti Sofala na kutoza ushuru, lakini chini ya yote hayo ulikuwepo ukweli wa hesabu ya siku: Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo upepo wa mwaka mmoja ungeweza kumfikisha mtu na kumrudisha.

Aliyekataa kusubiri alilipa kwa njia nyingine. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa huko, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na baada ya siku 23 hivi za kuvuka bahari wazi akaziona pwani za India. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, akakutana na shwari na pepo za kinyume, na mwendo uleule ulimchukua karibu miezi mitatu hadi alipoiona Mogadishu Januari 1499. Wengi wa mabaharia wake walikufa kwa ugonjwa wa kiseyeye, unaotokana na kukosa matunda na mboga, na waliosalia hawakutosha kuendesha meli zote, hata São Rafael ikachomwa moto kusini ya Mombasa. Nahodha yeyote wa Gujarati au wa Malindi angemwambia asubiri wiki chache, na pengine alikuwepo aliyemwambia.

Ili kuelewa kwa nini vyombo vya tanga viliweza kubeba gharama hiyo ya kukaa, inafaa kuviangalia vyenyewe. Jahazi hujengwa juu ya mkuku, gogo refu linalopita chini kutoka omo, ambayo ni sehemu ya mbele, hadi tezi, ambayo ni sehemu ya nyuma. Juu ya mkuku hupandishwa mataruma, mbavu za mti wenye mpindo wa asili, na mbao hupigiliwa juu ya mataruma hayo. Mtepe wa kale wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, na ulibeba tanga la mraba la mkeka, tofauti na tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali ya jahazi. Umbali kutoka usawa wa maji hadi chini ya mkuku huitwa kina cha chombo, nao hutegemea shehena: chombo kikipakiwa huzama zaidi, kikipakuliwa huibuka. Kipimo hiki ndicho kinachoamua chombo kitaingia wapi, na vyombo vya pwani vilivyokuwa na kina kidogo viliweza kuingia katika kila hori na mlango wa mto uliokuwa na mikoko ya kukatwa au mchele wa kununuliwa, bila gati na bila ruhusa ya mhandisi yeyote.

Badala ya gati kulikuwa na maji kujaa na kupwa. Katika mlango wa Unguja na pwani ya Mombasa tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hufikia mita tatu hadi nne wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hupungua sana wakati wa maji mafu. Nahodha aliyetaka kushusha mzigo mzito alikileta chombo karibu na ufuo maji yakiwa yamejaa, akakiacha kipwelewe kikiwa kimeegemea magogo, na wachukuzi wakatembea kwa miguu hadi ubavuni mwake. Kipindi hichohicho kilitumiwa kwa matengenezo: mabaharia walikwangua konokono na majani ya baharini yaliyoganda chini, wakatia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katika nafasi za mbao, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama unaozuia funza wa baharini kutoboa mti, huku sehemu za juu zikipakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Kazi zote hizo zilipaswa kumalizika kabla maji hayajarudi, na kama hazikumalizika ziliendelea bamvua iliyofuata. Miezi ya kungoja upepo, kwa maneno mengine, haikuwa mitupu. Ndiyo iliyokuwa karakana.

Shehena nayo ilikuwa na kanuni zake. Chombo kisicho na uzito wa kutosha chini huyumba na kupinduka, kwa hiyo kikikosa mzigo mzito hutiwa farumi, ambayo ni mawe au mchanga wa kukipa utulivu, na farumi ni hasara kwa sababu hailipi nauli. Ufundi wa nahodha ulikuwa kupata shehena nzito ya kuweka chini katika ngama na shehena nyepesi ya kuweka juu, ili kila kipande cha nafasi kilipe. Chumvi na tende zilizoshuka kutoka kaskazini zilikuwa nzito. Karafuu na makumbi vilikuwa vyepesi na vya kujaza nafasi. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilikuwa karibu shehena kamilifu kwa safari ya kurudi, kwa kuwa zilikuwa nzito, hazikuharibika kwa maji, na nchi za Ghuba zisizo na misitu zilizihitaji kwa kuezekea. Upana wa vyumba vya nyumba za zamani, huko kama huku, ulifuata urefu wa boriti. Mwanabahari na mwandishi Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu moja la Kuwait lililoongozwa na Nahodha Ali bin Nasser al-Najdi, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji kisha hadi Kuwait, na kitabu chake kinaonyesha jinsi sehemu kubwa ya msimu ilivyopita katika matope ya delta, kati ya kukata, kununua, kubeba na kupanga boriti, ikilinganishwa na siku chache za kwenda kwa upepo mzuri.

Hapo ndipo mlipaji anapoonekana. Mabaharia wa vyombo hivyo hawakulipwa mshahara wa mwezi bali walipata fungu: mapato ya nauli na biashara yalikusanywa, gharama za chakula na matumizi zikaondolewa, kisha kilichobaki kikagawanywa kati ya chombo, kwa maana ya mwenye mali, na watu waliokiendesha, huku nahodha, serahangi anayesimamia mabaharia, na mshika usukani wakipata zaidi ya baharia wa kawaida. Mpango huo ulikuwa na haki yake, kwani msimu mzuri ulimfaidi kila mmoja, lakini uliyaweka mabegani mwa baharia hasara ya kila wiki ya kukwama. Alikula karadha kabla ya safari ili familia yake isife njaa, akarudi na fungu lisilotosha kulipa, na deni likamfunga kwa nahodha yuleyule msimu uliofuata. Hadithi za uhuru wa bahari, zinazopendwa na waandishi wa safari, hazilitaji deni hili mara nyingi inavyostahili.

Walikuwepo waliolipa zaidi ya hao. Katika karne ya kumi na tisa, Kilwa Kivinje na Unguja zikiwa masoko makuu ya watumwa, watu waliotekwa bara walikuwa wakiwekwa katika mabanda ya pwani hadi chombo kipatikane na upepo ugeuke, na wenye kuwamiliki walihesabu chakula chao kama mwenye ghala anavyohesabu gharama ya kuhifadhi mali, wakakipunguza kadiri msimu ulivyochelewa. Mkataba wa Juni 1873 ulilifunga soko la Unguja na kupiga marufuku uchukuzi wa watumwa kwa njia ya bahari, ingawa magendo yaliendelea kwa miaka mingi. Kusubiri kwa upande wa mfanyabiashara kulikuwa hesabu ya hasara. Kwa waliofungwa ndani ya mabanda hayo kulikuwa njaa, ndui na kipindupindu.

Meli ya mvuke iliingia katika mpangilio huu kwa ghafla kuliko inavyodhaniwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ya William Mackinnon ilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden, mwaka uleule ambao kimbunga cha Aprili kiliangamiza minazi, mikarafuu na vyombo vya Seyyid Barghash vilivyokuwa bandarini. Barghash mwenyewe alinunua baadaye meli za mvuke na kuziweka katika njia ya Bombay, jambo linalothibitisha kwamba mtawala huyo alielewa mapema kilichobadilika. Wajerumani wakafuata mwaka 1890 na kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyopata ruzuku ya serikali yao. Lililobadilika si mwendo peke yake. Meli ya mvuke haikuomba ruhusa ya kaskazi wala kusi, hivyo iliwezekana kwa mara ya kwanza kutangaza tarehe ya kufika, na tarehe ndiyo inayotenganisha aina mbili za usafirishaji hadi leo: meli za ratiba, zinazopita bandari zilezile kwa siku zilizotangazwa na kupokea mizigo ya watu wengi, na meli za kukodiwa, zinazofuata shehena popote inapopatikana na ambazo nauli yake hupatanwa kwa kila safari. Jahazi lilikuwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa ratiba yake ilikuwa msimu na shehena yake ilikuwa bahati.

Tarehe ilipopatikana, karatasi ilipata nguvu. Hati ya shehena, ambayo mwenye meli humpa mtuma mzigo, hufanya kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi ya kwamba mzigo umepokewa katika hali fulani, ni ushahidi wa mkataba wa kuuchukua, na ni hati ya umiliki, maana anayeishika kihalali ndiye anayeruhusiwa kuupokea mzigo bandarini. Kwa sababu hiyo mfanyabiashara wa Unguja aliweza kuuza karafuu zikiwa bado baharini, au kuiweka hati benki na kupata mkopo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulipoiunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, bei ya London ilimfikia kabla ya meli. Mwenyeji wa zamani, yule wa sahani ya chakula, aliyekuwa akiuza thamani ya kuwajua watu na soko, alikuta sehemu ya kazi yake imechukuliwa na karani.

Vipimo navyo vikawa vya sheria. Tani ya meli ilianza Uingereza kama hesabu ya mapipa makubwa ya mvinyo ambayo chombo kingeweza kubeba, na tangu sheria ya mwaka 1854, iliyofuata mfumo wa George Moorsom, ilihesabiwa kwa nafasi ya ndani, tani moja ikiwa futi za ujazo 100, takriban mita za ujazo 2.83. Tani hiyo, licha ya jina lake, haipimi uzito. Uzito ambao meli inaweza kuchukua, pamoja na mafuta, maji na chakula chake, ni kipimo kingine, na wanaosoma takwimu za bandari bila kutofautisha viwili hivyo hupotea haraka. Mwaka 1876, baada ya kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll dhidi ya wenye meli waliopakia kupita kiasi na kukata bima, meli za Uingereza zililazimishwa kuchorwa alama ubavuni inayoonyesha kikomo cha kuzama, na mwaka 1890 sheria ikachukua kutoka kwa wenye meli uamuzi wa mahali pa kuiweka. Miongoni mwa mistari iliyokuja kuambatana na alama hiyo ulikuwepo wa msimu mzuri wa bahari za Hindi, uliokuwa juu ya mistari ya majira mengine na hivyo kuruhusu mzigo zaidi. Kaskazi, iliyokuwa elimu ya manahodha, ikapata nafasi yake katika rangi kwenye bamba la chuma.

Lakini meli ya mvuke ilileta aina mpya ya kusubiri, nayo ilimwangukia mtu mpya. Kina chake kilikuwa kikubwa mno kwa ufuo, kwa hiyo ilitia nanga katikati ya bandari na kupakuliwa kwa matishari, mashua pana zenye chini bapa na zisizo na injini, zilizovutwa na tagi hadi ukutani. Gunia la mchele lilibebwa mara nyingi kabla ya kufika ghalani: kutoka tumboni mwa meli hadi kwenye wavu wa winchi, kutoka wavuni hadi katika tishari, kutoka tishari hadi ukutani, kutoka ukutani hadi banda la forodha. Meli yenye ratiba ilikuwa ghali kwa kila saa, hivyo wakala wake alitaka wachukuzi wengi sana siku ambayo ipo na asimlipe yeyote siku ambayo haipo. Suluhisho lake lilikuwa kibarua wa siku. Wanaume walikusanyika langoni alfajiri, mnyapara akachagua, na wasiochaguliwa wakarudi walikotoka bila senti. Gharama ya kusubiri ilikuwa imeondoka kwa mwenye chombo ikatua mjini, katika vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam, Mombasa na Ng'ambo ya Unguja.

Walioibeba waliielewa vizuri. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ulisambaa kwa njia ya reli hadi miji ya bara. Mombasa ilisimama Januari 1947 katika mgomo wa jumla, na Unguja ikafuata mwaka 1948 kwa mgomo ulioanzia bandarini. Nguvu ya watu hawa ilitokana na jambo lilelile lililowatesa. Meli haikuweza kungoja, na siku moja ya kuisimamisha ilimgharimu mwenye meli zaidi kuliko nyongeza ya ujira waliyoidai. Miaka iliyofuata, mamlaka zilianza kuwasajili vibarua na kuwapunguza, zikipendelea wachache wenye kazi ya kudumu, uamuzi uliokuwa na manufaa kwa waliosajiliwa na mwisho wa kazi kwa wengine.

Jibu la wahandisi lilikuwa gati la kina kirefu, ambapo meli hufunga ubavu wake ukutani na kushusha mzigo moja kwa moja. Kilindini, bandari ya reli iliyokuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilipata magati yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1926. Dar es Salaam, yenye mlango mwembamba unaopinda, ilibaki bandari ya matishari miaka thelathini zaidi na ilipata magati matatu mwaka 1956. Mwaka huo unastahili kuangaliwa mara mbili, kwani tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X, ya mfanyabiashara wa malori Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston nchini Marekani ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu yake. Dar es Salaam ilikuwa inafungua magati yaliyopangwa kwa magunia, marobota na migongo ya watu katika mwaka ambao makontena ya McLean yalisafiri kwa mara ya kwanza, na magati hayo yalikuwa yamepitwa kabla saruji yake haijazeeka, ingawa hakuna aliyeweza kulijua hilo wakati ule.

Majahazi hayakufa kwa sababu ya meli ya mvuke, kama inavyosemwa kwa wepesi. Yaliishi kando yake kwa karibu karne nzima, yakichukua shehena ambayo meli haikuitaka katika bandari ambazo meli haikuweza kuingia. Kilichoyapunguza ni mambo ya nchi kavu: mafuta ya petroli yaliyowapa vijana wa Ghuba ajira bora kuliko fungu la baharia, saruji na vyuma vilivyochukua nafasi ya boriti, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliyokata mahusiano ya familia nyingi za kibiashara, na amri ya Kenya ya mwaka 1982 iliyozuia kuuza boriti nje. Mengi ya yaliyosalia yametiwa injini na hayangoji tena msimu, ila bado yanangoja maji yajae.

Kontena limeondoa kusubiri baharini na kukupeleka nyuma ya uzio wa bandari. Sanduku la kawaida lina urefu wa futi 20 au 40, na kwa kuwa vipimo vyake ni sawa duniani kote, kreni moja hulishusha kwa dakika chache bila kujua kilichomo ndani. Meli ambayo zamani ingekaa wiki mbili ikipakuliwa magunia huondoka baada ya siku moja au mbili. Mzigo ndio unaobaki. Ada ya ucheleweshaji, ambayo katika mikataba ya kukodi meli ilikuwa fidia anayolipa mkodi akizidisha siku alizopewa za kupakia na kupakua, sasa hutozwa kwa kila kontena linalokaa zaidi ya siku za bure, na kando yake bandari hutoza ada ya kuhifadhi. Zote huhesabiwa kwa siku, mara nyingi kwa dola, na hupanda kadiri siku zinavyoongezeka. Anayezilipa ni mwenye hati ya shehena, ambaye kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam mara nyingi ni mfanyabiashara wa Kampala, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi au Bukavu. Huyo hupokea simu kutoka kwa wakala wake wa forodha kwamba hati moja ina kosa la tarakimu, kwamba mtandao wa malipo umekatika, au kwamba lori halijapatikana, na huku mzigo ukiwa umeshavuka bahari nzima kwa wakati uliopangwa, huanza kuhesabu siku kama nahodha aliyekosa kusi ya Aprili.